Darasa Linaloanza kwa Kulala

Nilitaka kuandika kwamba ilikuwa mwaka wa sabini na nane, lakini nimekosea. Sabini na nane mashine ya kukatia karatasi pale kiwandani kwa dada yangu ilikuwa bado inazungushwa kwa mkono, na siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa inanguruma kwa umeme, maana dada yangu alisema hakusikia alipoitwa. Basi ni themanini. Msomaji aichukue themanini, na akinikuta nimeteleza tena huko mbele anivumilie. Mimi nimekuwa fundi wa vyerehani wa kuzunguka, leo mji huu, kesho ule, na mtu wa namna hiyo miaka humchanganyikia kama nyuzi ndani ya mkoba.

Dada yangu alikuwa hazunguki. Tangu ujana wake mpaka kiwanda kilipofungwa alifanya kazi sehemu moja, kwenye kiwanda cha kujalidi vitabu, na watu walimwita Bi Gundi, kwa sababu hata siku ya mapumziko vidole vyake vilikuwa na utando wa gundi iliyokauka. Alikuwa anazungumza na wewe huku anaubandua taratibu, kama mtu anayemenya kitunguu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Karatasi zilitoka kwa wachapaji zikiwa zimekunjwa vifurushi, kila kifurushi kina kurasa zake kadhaa. Zilipangwa juu ya meza ndefu, fungu la mwanzo wa kitabu upande wa mlangoni, la mwisho upande wa dirishani, na wanawake walitembea kando ya meza wakiokota kifurushi kimoja kutoka kila fungu, mpaka wanafika mwisho wa meza wana kitabu kizima mkononi. Kisha wanakishona mgongo, wanakipaka gundi, kinaingia kwenye jalada.

Sasa dada yangu anatumia mkono wa kushoto. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi kazini baada ya kumzika mumewe. Alianzia dirishani, upande uliokuwa mwepesi kwa mkono wake. Asubuhi nzima aliokota kutoka mwisho wa kitabu kwenda mwanzo, akashona, akapaka gundi, wala hakuna aliyemwangalia, kwa sababu mtu aliyetoka msibani watu wanaogopa kumwangalia.

Msimamizi ndiye aliyegundua. Alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea vitabu.

"Bi Gundi," akasema, "hiki kitabu kinaanza kwa kuaga?"

"Kinaanzaje?"

"Ukurasa wa kwanza mtu amelala kwenye mkeka anaaga wenzake. Mimi nilizoea mtu azaliwe kwanza."

Wanawake wakacheka. Hata dada mwenyewe, aliniambia, alijikuta anataka kucheka, akajizuia kwa kuwa hakujua kama mjane anaruhusiwa. Vitabu vyote ambavyo havijapata jalada ilibidi avifumue kwa mkono wake. Kimoja kilikuwa kimeshabanwa, gundi imeshika. Msimamizi akakitupa kwenye meza mbele yake.

"Chukua chako hicho. Labda kitakufundisha wapi mbele na wapi nyuma."

Kilikuwa kitabu cha maisha ya mwalimu mmoja wa mambo ya roho, mtu wa nchi ya mbali, aliyeandika habari zake mwenyewe uzeeni, na wanafunzi wake wakaongeza mwishoni habari za kufa kwake. Mimi na dada tulisoma shule mpaka pale ambapo wadogo zetu walihitaji zamu yao, kwa hiyo hatukuwa watu wa vitabu, ingawa yeye alivishika kutwa. Lakini jioni ile alikaa kwenye kizingiti akakifungua.

Tangu mazishi alikuwa hawezi kulala chali. Alilala ameketi, mgongo ukutani, kanga imemfunika mpaka kidevuni, kama abiria. Na ukurasa wa kwanza wa kitabu chake ulimkuta yule mwalimu mzee amelala chali, mikono kando, viganja juu, anawaambia wanafunzi wake wasimlilie. Waangalie tu tumbo lake linavyopanda na kushuka, na wao wapumue nalo, mpaka litakaposimama.

"Nikajilaza na mimi," dada aliniambia. "Pale pale chini. Nikasema kama huyu anaweza, na anakufa kweli, mimi nashindwa nini?"

Jioni zilizofuata alisonga mbele, yaani nyuma. Mzee akawa mtu wa makamo mwenye wanafunzi wasiomsikiliza. Akawa kijana anayemfuata mwalimu wake kila mahali akimuuliza lini ataona mwanga, na mwalimu, ufagio mkononi, anamkemea amwache afagie. Akawa mtoto mtundu anayening'inia kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa shangazi yake, anaitwa kula, hataki kushuka. Hapo ndipo kitabu cha dada kilipoishia.

"Kila jioni alikuwa mdogo zaidi," alisema. "Nilimpokea anakufa, nikamwacha anabembea."

Mtu asidhani alikuwa hajui kwamba kimegeuka. Alijua. "Namba za kurasa si zipo," alikuwa akisema, "mimi si kipofu." Wala hakuwahi kumficha mtu. Ukimuuliza, alikufungulia akuonyeshe.

Darasa lilianza lenyewe. Wenzake kazini waliona dada amepata usingizi, shingo yake inageuka, hanung'uniki mgongo. Kazi ya kujalidi ni ya kuinama na kusimama, na hakuna mwanamke pale aliyekuwa na kiuno kizima. Mmoja akamuuliza, wa pili akamfuata, na baada ya muda wakawa wanakutana jioni baada ya kazi kwenye ukumbi wa mtaa, ghorofani, juu ya karakana ya matairi. Harufu ya mpira ilipanda mpaka juu. Walilala juu ya kadi za majalada, zile kadibodi nene zilizokataliwa kiwandani, kila mtu na kadi zake, nyingine zimeshachapwa majina ya vitabu. Kuna mama alilalia kitabu cha hesabu cha darasa la sita miaka mingi tu.

Walifanya kwa mfuatano wa kitabu cha dada. Kwanza kufa: chali, viganja juu, tumbo linapanda na kushuka. Halafu kuketi na pumzi, kama yule mtu wa makamo. Halafu kusimama, kujinyoosha, kuinama kama anayefagia. Na mwisho kabisa kuning'inia. Ukumbi ule ulikuwa na bomba nene chini ya dari, na wanawake wazima, wengine bibi za watu, walipanda kwenye benchi wakashika bomba wakabembea wakicheka mpaka fundi wa matairi, kule chini, agonge dari yake kwa fimbo.

Mtaani ukawa utani wao. Ukikutana na mmoja njiani ukimuuliza anaelekea wapi, alikujibu, "Nakwenda kufa kwa Bi Gundi. Nikifufuka nitapika."

Mimi nilikuwa nikirudi safari zangu namkuta yuko hivyo hivyo. Nikiondoka, nikirudi, hivyo hivyo. Kiwanda kikafungwa, nywele zikawa nyeupe, lakini jioni ukipita pale chini ulisikia kimya kwanza, kicheko baadaye.

Halafu yoga ikaja. Simaanishi kwamba haikuwepo, naona ilikuwepo kabla yetu sisi sote. Nasema ikaja mtaani. Nilianza kuona watu wanatembea na mikeka ya mpira imeviringishwa kwapani. Picha za watu waliojikunja zikajaa kwenye simu. Na kitabu kile kile cha mwalimu kikachapwa upya, jalada linang'aa, sura yake mbele, kinauzwa kwenye maduka yanayouza sabuni za maji na ndala za ngozi. Kila uliyemuuliza amefikaje kwenye yoga alikuambia amesoma kitabu hicho. Jambo lililonifurahisha ni kwamba mwenyewe aliyekiandika alikuwa mtu wa kukaa kimya. Kwenye maisha yake yote aliyoyaandika, mikao ya mwili haijazi hata ukurasa. Mengine yote ni pumzi, na kimya, na kufagia, na kukemewa. Watu wakasoma hayo wakaondoka wanataka kugusa vidole vya miguu.

Mwaka huo, na huu nina hakika nao kwa sababu nilikuwa nimeumia goti nikakaa kwa dada muda mrefu, chama cha walimu wa yoga kilipeleka maombi kwa kamati ya ukumbi. Walitaka kufundisha pale. Na walisema si salama kwa mtu asiye na cheti kufundisha kitu hicho hicho kwenye ukumbi huo huo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa binamu yetu, mtoto wa mjomba, mtu mwema anayeogopa sana barua zenye mihuri.

Binamu akaja nyumbani.

"Dada, hawakufukuzi. Wanataka mwalimu wao aje akuangalie, akupitishe, upewe cheti, mgawane siku. Umeona ugumu hapo?"

"Sijaona bado," dada akasema. "Mlete."

Aliyekuja alikuwa binti mmoja mpole, aliyekuwa zamani muuzaji wa duka la dawa. Alipanda ngazi, akavua viatu, akamwamkia dada shikamoo kwa heshima zote, akalala kwenye kadi kama wengine. Alibembea pia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na goti langu, nilimwona anacheka. Baada ya darasa akakaa na dada chini, na msusi wa pale mtaani, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko kitana chake, akasogea kusikiliza bila kualikwa.

"Mama, mimi kitabu hiki ndicho kilichonitoa nyuma ya kaunta," yule mwalimu alisema. "Nilikisoma nikalia. Kwa hiyo nakuelewa. Lakini wewe unafundisha kinyume. Kulala ni mwisho. Mwili unapashwa moto kwanza, unasimama, unajinyoosha, halafu unapumzishwa. Dunia nzima wanafanya hivyo."

"Hawa wamesimama tangu alfajiri," dada akasema. "Nikiwaambia wasimame tena, tofauti yangu na msimamizi ni ipi?"

"Lakini huo kubembea mwishoni, mtu akianguka?"

"Aliwahi kuanguka mmoja," msusi akaingilia. "Akaniangukia mimi. Hatujashtakiana."

Yule mwalimu akacheka, lakini hakuliacha. Akatoa kwenye mkoba wake kitabu, kile kipya chenye jalada linalong'aa, akampa dada. Alisema, na alisema kwa upole kabisa, kwamba si kosa la dada, ni kosa la kiwandani, na kosa likishajulikana hurekebishwa. Atakuja tena kumtazama na Binamu atakuwepo. Dada afuate mfuatano ulio sahihi, hata kama ni siku hiyo moja tu. Cheti kitaandikwa, ukumbi utakuwa wake kama zamani.

"Siku moja tu, Mama. Ukishapata cheti mimi sitakuja kukuchungulia."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu ule ulikuwa mtego laini. Kukataa kitu kikubwa ni rahisi. Kukataa siku moja tu, mbele ya mtu anayekuita mama, kunataka moyo mwingine. Na ukumbi wenyewe ulikuwa ndio mahali pekee walipokuwa napo wale wanawake. Nyumbani kwao kila sakafu ilikuwa na mtu juu yake.

Dada akakisoma kitabu kipya. Alikisoma mchana kweupe, kwenye kizingiti, mbele kwenda nyuma kama kila mtu. Akifika mahali anafunga, anaangalia barabara. Nilimuuliza mara moja.

"Kikoje?"

"Kizuri."

Akarudi kwenye ukurasa wake. Jioni aliendesha darasa kama kawaida, lakini hakutania, na walipobembea aliwatazama kama anayewahesabu. Wanawake wakaanza kunong'ona ngazini. Wengine walisema atakubali, na kwamba ana haki ya kukubali, ukumbi ni ukumbi. Msusi akanifuata kwenye benchi.

"Kaka, dada yako atatusimamisha kabla ya kulala?"

"Mimi simjui zaidi yenu."

"Umekula kwake mwezi mzima humjui? Goti lako lina faida gani basi?"

Binamu naye alikuja mara mbili na sababu zake, na mara zote dada alimpa chai akamsikiliza mpaka mwisho, kitu kilichomtisha Binamu zaidi ya ugomvi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Walikuja hata walioacha zamani. Yule mwalimu alikaa kwenye kiti, Binamu pembeni yake amevaa koti. Kadi zilikuwa zimetandikwa. Wanawake walisimama kila mmoja mbele ya kadi zake, kwa sababu dada alikuwa amesimama, na yule mwalimu akaliona hilo, akatabasamu, akamgusa Binamu mkono.

Dada hakupandisha sauti. Alimgeukia mgeni wake.

"Binti yangu, nimekisoma ulichonipa. Chote. Mtoto anazaliwa, anakua, anapata mwalimu, anazeeka, anakufa. Nililia mwishoni, nisikudanganye. Aliyekipanga alikipanga sawa na sina ugomvi naye. Lakini hicho ni kitabu cha mtu ambaye bado hajazika. Mimi nilikuwa nimeshazika kabla sijakifungua. Ningeanza na mtoto anayebembea, ningekitupa jikoni. Hawa unaowaona hapa, hakuna mmoja aliyepanda ngazi hizi kwa sababu mambo yake yanaanza. Kila mmoja alipanda kwa sababu kuna kitu kimemwishia. Sasa mimi niwaambie kwamba tunaelekea kulala? Walikuwa wamelala walipofika. Kazi yangu ni kuwanyanyua."

"Mama, nimesema siku moja tu."

"Ndiyo maana siwezi. Ungesema siku zote ningekuona adui, ningekujibu haraka. Siku moja ni uongo mdogo, na mimi sina mahali pa kuuweka."

Kisha akawaambia wenzake, kwa sauti ile ile, "Laleni jamani."

Wakalala. Kadi zote zilitoa sauti mara moja, kama mtu anayefunua kurasa nyingi kwa pamoja. Binamu akainuka.

"Dada, mimi nitasema nini kwenye kamati?"

Dada alikuwa chini tayari, macho yamefungwa, viganja juu. "Binamu, ongea polepole. Kuna watu wamekufa humu."

Kulikuwa na kicheko kilichopita chini chini kwenye kadi, kisha kimya. Yule mwalimu alikaa mpaka mwisho, hilo nampa haki yake. Aliangalia pumzi, kuketi, kusimama, kubembea. Aliandika kidogo. Aliposhuka aliaga kila mtu, na dada alimrudishia kitabu chake kimefungwa kwa karatasi safi.

Ukumbi uliwaponyoka. Barua ilikuja na mihuri yake, na Binamu hakuileta mwenyewe. Wanawake walibeba kadi zao kwenye ngazi wakiwa wanatukana kwa sauti ya kutosha kusikika kwenye kamati popote ilipokuwa, na walipofika chini, fundi wa matairi, yule yule wa kugonga dari, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana anafuta mikono.

"Mnakwenda wapi na hayo makaratasi?"

"Hatujui," dada akasema.

"Mimi nafunga kazi saa kumi na moja. Sakafu ni ya saruji, ina mafuta kona ile. Cheti sitaki kuona. Ila jeki zangu msiguse."

Wanaendelea hapo mpaka leo. Wawili watatu walibaki ghorofani na mwalimu mwenye cheti, na dada hakuwasema vibaya wala hakuruhusu msusi awaseme akiwepo yeye. Dada amezeeka, sauti imekuwa nyembamba, sasa msusi ndiye anayeongoza na yeye analala tu na wenzake. Wanabembea kwenye mnyororo wa kuinulia injini. Jioni ukisimama barabarani unayasikia madarasa yote mawili kwa pamoja, la juu linaanza kwa vishindo vya miguu na kuishia kimya, la chini linaanza kimya. Kuna wakati katikati ambapo yote mawili yamekaa yanapumua, na kwa muda huo huwezi kujua lipi ni lipi.

Nilikutana na yule mwalimu siku moja chini ya ngazi, anasubiri wanafunzi wake washuke. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya goti, akaniuliza hali ya Mama. Alionekana amechoka. Mimi sikuwa na nia ya kumshinda, nilikuwa nataka kujua tu, maana kitabu hicho amekisoma sawasawa na mimi sijakisoma kwa namna yoyote, nimesimuliwa.

Nikamuuliza, "Binti, siku ile ulipokimaliza, ukafunga ukurasa ambao mwalimu anakata roho, kesho yake asubuhi ulianzia wapi?"

Alinitazama, akahamishia mkeka wake kwapa la pili. Wanafunzi wake wakawa wanashuka na mikeka yao, mmoja akamwita, akaenda. Nimewauliza na wengine tangu siku hiyo, kwenye miji mingi, kila ninayemwona na kile kitabu mkononi. Wananitazama kama alivyonitazama yeye, wanasema ni swali zuri, wanaendelea na safari. Kesho yake asubuhi, ukishamaliza kumzika, unaanzia wapi?